Jino la Kanali Kufikia Mara ya Mia

Jumatatu, 6 Mei 1867

Mkurugenzi Pradourat ameniita ofisini kwake. Nilidhani nafukuzwa. Nikafunga vifungo vyote vya koti kabla ya kuingia, maana mtu akifukuzwa koti likiwa wazi huonekana mlevi.

Kumbe anataka historia. Anasema opereta yetu, mchezo wa kuchekesha wa kuimbwa uitwao Jino la Kanali, inakaribia kuchezwa mara ya mia. Paris msimu huu imejaa wageni waliokuja kuona Maonyesho ya Dunia, na mgeni akikuta bango limeandikwa "Mara ya Mia" huingia bila kuuliza kuna nini ndani. Kwa hiyo anataka kijitabu cha kurasa nne cha kuuzwa mlangoni: mchezo ulianza lini, umepita wapi, nani aliimba. Akasema mimi ndiye mtu pekee aliyekuwepo tangu siku ya kwanza na bado ana akili zake. Nikamuuliza, na Boulmier je? Akasema, amesema akili.

Basi mimi, Placide Cabussol, sasa ni mwanahistoria. Watazamaji wa siku hizi hawanijui kabisa. Mimi ni mnong'onezi: nakaa shimoni mbele ya jukwaa, chini ya kibanda cha mbao, macho yangu sawasawa na viatu vya waimbaji, nikiwanong'oneza maneno wanaposahau. Najua soli za wote. Lakini miaka kumi iliyopita, mchezo huu ulipozaliwa, mimi ndiye niliyekuwa Daktari wa Meno. Wimbo wa Koleo ulitungwa kwa ajili ya koo langu. Halafu tumbo likaja, sauti ya juu ikaondoka, na leo koleo analishika Isidore Lanthenay. Ana miaka ishirini na minne. Nywele zake kama zimelambwa na ndama.

Historia. Nitawaonyesha historia.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata wazo nikiwa nanyolewa, kinyozi karibu anikate sikio kwa jinsi nilivyoruka.

Nimemwendea Mkurugenzi na kumweleza kwamba kuna desturi ya zamani katika fani yetu: opereta ikifika mara ya mia, waimbaji wa kwanza ndio huimba. Akasema yuko kwenye kazi hii miaka thelathini na hajawahi kuisikia. Nikamwambia ndiyo maana, ni ya zamani mno. Akazungusha pete kidoleni. Boulmier yumo bado, anaimba Kanali tangu mwanzo. Honorine Vauquelas yumo bado, anaimba mpwa wa Kanali tangu mwanzo. Anayekosekana ni daktari tu. Mkurugenzi akasema mwimbaji wa zamani kurudi kwa usiku mmoja, wageni watalia, na mtu aliyelia hununua kijitabu. Amekubali.

Nimetoka pale nikiwa na urefu wa farasi. Nikaenda kula supu ya vitunguu na kuimba kwa sauti ya chini. Mwenye mgahawa akauliza kama supu ina kasoro.

Kisha nikafungua daftari langu nihesabu. Msimu wa kwanza, 1857: mara arobaini na moja. Brussels: tisa. Lyon: moja, na hiyo moja pazia lilishushwa kabla Kanali hajafumbua mdomo vizuri, maana watu wa Lyon walipiga miluzi hata mpiga fidla akafungasha. Rouen: sita. Mwaka huu hadi juzi: ishirini. Jumla sabini na saba.

Jumapili ya tarehe 19 unaingia mchezo mpya wa mzima moto na nguva. Yaani sisi tunafunga Jumamosi tarehe 18, na Jumamosi hiyo itakuwa mara ya tisini.

Tisini. Nimerudia kuhesabu mara nne, mara ya mwisho kwa penseli nyingine.

Alhamisi, 9 Mei

Historia si hesabu. Historia ni kukumbuka, na mimi leo nimekumbuka kwamba mwaka 1861 tulikwenda Vaudry-les-Eaux.

Vaudry ni mji wa maji ya kutibu maini. Wanaokwenda huko ni watu wa manjano wanaokunywa bilauri nane kwa siku na hawataki kuonekana. Nani atabisha? Tulicheza siku kumi, kwenye ukumbi wa mabafu. Watu walijaa. Mvua ilinyesha. Nimeweka mvua kwa sababu uongo usio na hali ya hewa haukai.

Kikwazo kilikuwa Boulmier. Gédéon Boulmier ni mtu wa besi, mzito, mwenye kumbukumbu ya karani wa mahakama. Nilimsomea ukurasa huo tukiwa nyuma ya jukwaa akijipaka masharubu.

"Vaudry?" akasema. "Mzee mwenzangu, mimi Vaudry sijakanyaga hata kwa ndoto."

Nikamwambia avumilie nisome hadi mwisho. Nikasoma: huko Vaudry, Bwana Boulmier alipomaliza wimbo wa maumivu ya jino, watu walisimama na kumtaka arudie mara tatu, na bibi mmoja mwenye cheo alivua glavu yake akamrushia.

Boulmier akapaka sharubu la pili polepole.

"Glavu ya rangi gani?"

Nikasema ya zambarau.

"Hiyo nakumbuka," akasema. "Halafu chakula chao kilikuwa kibaya. Samaki wa mtoni, miiba mitupu."

Kufika jioni alikuwa anawasimulia mafundi wa taa habari za yule bibi wa Vaudry, na tayari mume wake alikuwa ameingia kwenye kisa.

Ijumaa, 10 Mei

Leo zamu ya Honorine. Alipata habari kwamba naandika. Kila mtu amepata habari. Hata mama anayefagia viti ameniomba nitaje kwamba ni yeye aliyeokota jino la bandia la balozi mwaka 1857. Nimemtaja.

Honorine alinikaribisha chumbani kwake, akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Nilijua kuna jambo. Akaniuliza nimeandika mchezo ulianza mwaka gani. Nikasema hamsini na saba. Akauliza, na yeye alikuwa na miaka mingapi kwenye historia yangu? Nikasema sikuandika. Akasema watu si wajinga, wanajua kutoa na kujumlisha.

"Placide, kaka yangu, unataka wageni wote wa dunia wakae pale kwenye viti wakipiga hesabu ya umri wangu?"

Sikutaka. Nilimpenda Honorine mwaka 1857, nikampenda mwaka 1862 kule Rouen, na hata sasa nikiviona viatu vyake vikija mbele ya shimo langu huwa naketi wima. Kwa hiyo nimeandika kwamba mwaka 1857 alikuwa mtoto wa ajabu, mwenye kipaji kilichotangulia umri, na mama yake, mwanamke mnene, alimsubiri kila siku mlangoni na sweta. Akasoma. Akasema sweta ni zuri, lakini mama apunguzwe unene.

Jumapili, 12 Mei

Mkurugenzi amepitia maandishi. Ameyapenda. Amependa zaidi habari za polisi, ambazo ni za kweli kabisa na ndizo pekee alizozitilia shaka. Wakati ule ukumbi wetu ulikuwa na kibali cha waimbaji watatu tu katika mchezo mmoja, na mtunzi alikuwa ameandika wimbo wa watu wanne. Tukamficha mwimbaji wa nne kabatini. Mkaguzi alipouliza sauti inatoka wapi, tukamwambia ni mwangwi. Akasikiliza kwa makini, kisha akauliza mbona mwangwi unaanza kuimba kabla ya mtu. Vilevile mkaguzi wa maneno alikataa jeshi lifanyiwe mzaha, ikabidi Kanali wetu awe wa Uswisi. Mpaka leo ni wa Uswisi. Boulmier huvaa njuga ya ng'ombe shingoni ili pasiwe na mashaka.

Ila Mkurugenzi ametaka jambo moja. Lyon itolewe. Mwaka ule wa Lyon yeye ndiye aliyekuwa akiuendesha ukumbi wa kule, na miluzi ile bado anaisikia akila. Nikamwambia historia ni historia, hatuwezi kuchagua. Akanitazama. Nikaitoa Lyon.

Hivyo Jumamosi itakuwa mara ya themanini na tisa. Imebidi tukae Vaudry siku moja zaidi. Kumi na moja. Hiyo ya kumi na moja nimeandika iliongezwa kwa maombi ya meya.

Kijitabu kimekwenda kwa mpiga chapa.

Jumanne, 14 Mei

Bango limebandikwa. MARA YA MIA, Jumamosi, pamoja na Daktari wa Meno wa Kwanza kama alivyoimba mwaka 1857. Jina langu halikutosha kwenye karatasi. Nilisimama mbele yake muda mrefu, nikijifanya nangoja mtu.

Lanthenay alilisoma naye. Alikuja moja kwa moja shimoni kwangu kabla ya mazoezi, akachuchumaa. Nilijiandaa kwa matusi. Akasema kwa upole kwamba amefurahi sana, kwamba wazee lazima waheshimiwe wakiwa bado wapo, na kwamba kwa heshima hiyo yeye mwenyewe atakaa shimoni Jumamosi aninong'oneze.

"Usihofu, baba," akasema. "Nitasema kwa sauti, maana najua masikio nayo huchoka."

Baba. Mimi nina miaka arobaini na mitatu.

Lakini si hilo lililoniharibia siku. Jioni Honorine alinivuta pembeni, nyuma ya kabati la mwangwi. Akauliza ni nani hasa atakaa shimoni Jumamosi. Nikamwambia. Uso wake ukapauka hata chini ya poda.

Kisha akaniambia kitu ambacho nilikuwa nakijua bila kukijua. Tangu majira ya baridi maneno yanamkimbia. Si moja moja, beti nzima. Anaimba akinitazama mdomo. Usiku mwingine hakuna hata mstari mmoja aliokuja nao mwenyewe, yote ameiokota kwangu. Mimi nilidhani ananitazama kwa sababu nyingine, na nilikuwa nimeanza kuchana nywele.

"Sijamwambia mtu," akasema. "Pradourat akijua, kesho ananitoa. Na mimi sijui kazi nyingine, Placide. Sijui hata kupika yai."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikamwambia Lanthenay ni kijana makini.

Nimerudi nyumbani nikifikiri. Naweza kwenda kwa Mkurugenzi kesho asubuhi na kumwambia koo linaniuma. Ni sentensi moja tu. Nimeijaribu mbele ya kioo, na nilipokuwa naijaribu nikaona jinsi sauti yangu ilivyo safi wiki hii.

Alhamisi, 16 Mei

Sikwenda kwa Mkurugenzi. Jana alikuwa na kazi nyingi.

Leo nimejaribu vazi langu la 1857. Koti la daktari lilifika nusu ya safari. Fundi wa mavazi, mwanamke asiye na huruma, alisema anaweza kuongeza kitambaa ubavuni au mimi nipungue kilo kumi na mbili kabla ya Jumamosi, nichague. Amenifunga kibwebwe cha mifupa ya nyangumi cha kubana tumbo. Nikikivaa napata sauti yote ya juu, ila siwezi kuinama wala kupumua.

Halafu likaja balaa. Mlinzi wa mlango alinileta mzee mmoja wa manjano mwenye mwavuli. Amekuja Paris kuona Maonyesho, amenunua kijitabu, anataka kuonana na mwandishi. Akajitambulisha: Bwana Desmarquoy, wakili mstaafu. Wa Vaudry-les-Eaux. Amekaa huko miaka thelathini na mmoja.

Mkurugenzi alikuwa hatua tano kutoka pale, akifungua barua. Nilitaka kumpeleka mzee barabarani, lakini kibwebwe hakikuniruhusu kugeuka haraka.

Mzee akainua kijitabu juu, akagonga ukurasa wa tatu kwa kidole.

"Bwana, hapa umekosea."

Mkurugenzi akainua kichwa.

"Umeandika mlicheza mara kumi na moja. Mlicheza kumi na mbili. Mimi na marehemu mke wangu hatukukosa hata siku moja. Na viti vilikuwa vigumu, hilo nalo hukuliandika."

Nikamwomba radhi. Akasema si neno, miaka imepita. Akatuuliza yule mnene wa besi bado yupo, yule aliyerushiwa glavu. Boulmier akaitwa. Walikumbatiana kama ndugu waliopoteana vitani. Boulmier alilia kwa kweli. Wakakaa nusu saa wakikumbushana wale samaki.

Sasa sina uhakika kama hatukwenda.

Jumamosi, 18 Mei, asubuhi

Sijala. Kibwebwe nimekivaa tangu saa moja ili mwili uzoee.

Nimemwona Honorine akipita kwenye uchochoro wa jukwaani akinong'ona na karatasi mkononi. Alikuwa anafikia mstari wa tatu, anasimama, anarudi mwanzo. Mara tano. Hakuniona. Nilitaka kumwita. Nikajiambia nikimwita nitamchanganya.

Bado muda upo wa koo kuuma. Nimeweka saa mezani nikaiangalia mpaka muda ukaisha.

Jumapili, 19 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Waingereza, Warusi, familia moja ya Wamarekani yenye vikapu. Mzee Desmarquoy safu ya mbele, mwavuli magotini. Nilipotoka jukwaani walinipigia makofi, wachache, lakini ya heshima. Taa zilinitia joto usoni. Nilikuwa nimesahau kwamba kutoka juu pale unawaona watu. Miaka yote hii nimeona viatu tu.

Mwanzo ulikwenda. Kanali wa Uswisi anaingia na njuga yake na jino lake, daktari anakataa kulitoa mpaka apewe mpwa aoe. Niliimba. Si kama zamani, lakini niliimba. Kero ilikuwa Lanthenay. Alikuwa amejikunja shimoni na kitabu, akininong'oneza kila neno langu kwa sauti ya kusikika mpaka Versailles, mimi, ambaye nimemnong'oneza yeye tangu Aprili. Mmarekani mmoja alinyoosha shingo kumtafuta.

Kisha Honorine akaingia kwa ajili ya wimbo wa wawili. Akaimba mstari wa kwanza. Wa pili. Halafu nikaona macho yake yakishuka shimoni.

Lanthenay alikuwa akifuata kurasa za daktari tu. Nyingine hata hakuzifungua. Alipomwona anamtazama akatabasamu na kumpungia mkono.

Honorine alibaki amefumbua mdomo. Fidla zikarudia kipande kilekile mara moja. Zikarudia mara ya pili. Nikaona mkono wake ukitafuta kitu cha kushika, na hakikuwepo, akashika hewa. Namfahamu miaka kumi na sikuwahi kumwona mzee mpaka dakika ile.

Na hapo hapo, mbele yangu, kiongozi wa muziki, alipoona wimbo wa wawili umekwama, aliinua fimbo kunipa ishara ya Wimbo wa Koleo. Wimbo wangu. Ndio niliokuja kuuimba. Ndio uliotupeleka Vaudry.

Sikuamua. Ningependa kuandika kwamba niliamua. Midomo yangu ilifanya kazi yake ya kila siku tu. Nikasogea sikioni mwake nikanong'ona: "Mjomba wangu ana jino, lakini mimi nina moyo." Akaliokota, akaliimba. Nikampa linalofuata. Muziki wa Koleo ulikuwa unapita juu ya kichwa changu, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, ile noti ya juu ambayo nimeifanyia mazoezi wiki nzima bafuni ikapita bila mtu, na mimi niko sikioni mwa Honorine namlisha maneno moja moja kama mtu anayelisha njiwa.

Nikasikia kelele. Nikadhani wanazomea. Walikuwa wanacheka. Wao waliona daktari anamnong'oneza mpenzi wake mbele ya mjomba, na mpwa anarudia kila anachoambiwa. Wakadhani ndivyo ilivyoandikwa.

Boulmier, ambaye kwa kawaida hasahau hata koma, alitugeukia na kusema kwa besi yake, nje kabisa ya mchezo: "Na mimi je, huninong'onezi?"

Ukumbi uliangua. Mama wa Kimarekani alidondosha kikapu. Lanthenay akatoa kichwa nje ya shimo, nywele zimesimama, akauliza tuko ukurasa gani, na hilo nalo wakalishangilia dakika nzima. Nilipojaribu kuinama kutoa shukrani kibwebwe kikakatika kwa mlio wa bastola. Kanali akaanguka kama aliyepigwa risasi. Pazia.

Nyuma ya pazia Honorine alinishika mikono yote miwili. Akasema, "Placide, wimbo wako." Nikamwambia upo mwingine kesho. Hapakuwa na kesho, sote tulijua. Akanibusu shavuni, mahali ambapo rangi ya kujipaka ilikuwa imeyeyuka.

Sijaliosha shavu hilo mpaka sasa.

Jumatatu, 20 Mei

Mkurugenzi ameusogeza mchezo wa nguva hadi Julai. Jino la Kanali linaendelea, na linachezwa vile lilivyochezwa Jumamosi, kunong'ona na bastola na kila kitu. Nimempa Honorine habari hizo mwenyewe. Kwa kuwa sasa kunong'onezwa ni sehemu ya mchezo, hakuna atakayejua lolote. Alikaa chini ya ngazi akacheka mpaka akatoa machozi.

Kisha gazeti likaja. Nilinunua nakala sita kabla ya kusoma.

Mwandishi wa gazeti anasema hajaona kitu kama kile msimu mzima. Anamsifu kijana Isidore Lanthenay. Nimesoma mara mbili. Anamsifu Lanthenay kwa kujizeesha kwa ustadi wa kutisha, kwa kujitengenezea tumbo ambalo mtu angeapa ni la kweli, na kwa ushujaa wa kuiharibu sauti yake nzuri kwa makusudi. "Ni msanii wa namna gani," anauliza, "anayethubutu kuonekana amechakaa namna ile?"

Nimekwenda kwa Mkurugenzi. Ikabainika kwamba karatasi za mchezo zilizogawiwa Jumamosi zilikuwa za wiki iliyopita, zenye jina la Lanthenay, zilibaki nyingi, hakutaka zitupwe. Nikamwambia aandike gazetini wasahihishe. Akaniuliza kwa utulivu kama kweli nataka watu wa magazeti waanze kuchunguza historia ya mchezo huu. Akafungua kijitabu ukurasa wa tatu, akakiweka mezani, akazungusha pete.

Nikasema hapana haja.

Alhamisi, 23 Mei

Lanthenay ameitwa na ukumbi mkubwa wa barabara kuu. Wanataka aigize wazee. Ameondoka leo na masanduku mawili, na kabla ya kuondoka alikuja kuniuliza, kwa heshima kabisa, lile tumbo nalifanyaje. Nilimwambia ale jibini na angoje.

Pengo la daktari basi liko wazi. Nilisimama mbele ya Mkurugenzi nikiwa nimefunga vifungo vyote. Akasema amekwisha fikiria, anamtaka kijana mmoja wa Toulouse, jina lake Sernin, sauti ya asali. Mimi nirudi shimoni, ndiko ninakohitajika. Honorine naye akasema hivyohivyo, na aliposema alinitazama vizuri sana. Nimetafakari. Mtu wa umri wangu anapaswa kujua mahali pake, akae hapo kwa moyo mweupe, afurahi kwamba mahali hapo kuna viatu anavyovipenda. Nimewaambia wote wawili kwamba nimeridhika. Niliposema hivyo hata mimi niliguswa.

Mkurugenzi alikuwa ameshaandika mkataba wa huyo Sernin na kuutia kwenye bahasha, lakini mtumishi wake ana homa. Nikajitolea kuipeleka barua posta mwenyewe.

Nilifika hadi kona. Nikafikiri posta lazima imefunga. Sikuingia kutazama, lakini saa tano asubuhi mambo mengi hutokea. Nimeona si salama kuitupa barua muhimu namna hii kwenye mlango uliofungwa, nikarudi nayo. Iko chini ya godoro, pamekauka vizuri. Toulouse wasipojibu, Mkurugenzi atahitaji mtu wa kuokoa jahazi kufikia Jumatatu, na Honorine naweza kumnong'oneza nikiwa nimemshika kiuno, ilikwisha fanya kazi mara moja.

Fundi wa mavazi anasema kibwebwe kinaweza kuungwa. Nimemwomba atumie waya.